Kumulika Watu wa Hao

Guka alipotuacha, picha yenye iliwekwa kwa programu ya mazishi ilitoka kwa kipande. Tulikuwa tumetafuta usiku mzima: kwa sanduku ya shosho, kwa simu za maanti, kwa ile albamu ya mathe yenye plastiki zake zimeanza kushikana. Guka alikuwa kwa picha mob, lakini ukicheki, ama yuko nyuma ya msee, ama amekatwa nusu, ama flashi imemgonga usoni hadi sura ikafutika. Anko akabeba kipande hadi saiba, ikaskaniwa, ikavutwa hadi ikajaa ukurasa. Huyo ndio guka mwenye watu walirudi naye kwao: amekazana, macho ngumu, nyuma yake hakuna kitu. Na huyu ni mzae mwenye alikuwa akicheka hadi kofia inaanguka.

Mi nilikuwa na kamera kitambo. Hiyo ndio hunichoma hadi leo. Canon 600D ya mtumba na lenzi ya 50mm, nimepiga nayo harusi, nimepiga mbogi za madensa, nimepiga manzi wa mtaa wakidai kitu ya kuposti. Watu siwajui hata majina wako na picha fiti kutoka kwa hii mkono yangu. Guka hana hata moja. Siku hiyo tukitoka kwa kaburi nilijiambia shosho hatawahi kutolewa kwa kipande.

Sasa, wasee wengi wa picha watakushow mwangaza ya jua ndio mwangaza. Ngoja saa kumi na mbili kasoro, jua ikianza kulala, toa mtu nje, piga. Ni ukweli, hiyo jua ni tamu. Lakini cheki maisha ya hao kwetu Umoja. Hiyo saa buda bado yuko Grogan, amelala chini ya gari ya mtu. Mathe yuko kwa foleni ya mat. Siz ndio anatoka prepu. Watu wangu huingia keja giza imeshashika, na hutoka kabla kuche. Kenye kuna hapo ndani ni balbu moja kwa sili, inamwaga mwangaza kutoka juu hadi macho ya kila mtu inakuwa mashimo. Kama nilikuwa nadai kuwapiga penye wanaishi, saa yenye wanaishi, ilibidi nibebe mwangaza yangu.

Nikaingia tao, nikapata Yongnuo YN560 III imetumika kwa ngiri nne, na trigga mbili za RF-603 kwa ngiri na nusu. Hii flashi haikufikirii kitu. Hakuna otomatiki. Wewe ndio unachagua nguvu, kutoka 1/1 hadi 1/128, na ukikosea inakuonyesha hapo hapo. Inakula batri nne za AA. Nunua za kuchaji, ju za kawaida zitakumaliza doh, na ukipiga kwa nguvu yote mfululizo utangoja sekunde kadhaa kabla ijijaze tena. Hizo sekunde, mtoto ashaacha kucheka.

Mtu wa kwanza alikuwa siz, ju yeye hachoki na kamera. Nikamkalisha kwa kochi, flashi juu ya kamera, pa! Picha ikatoka ile ile ya albamu za kitambo. Paji la uso linang'aa kama sufuria mpya, pua imepotea ndani ya uso, na nyuma kwa ukuta kuna kivuli nyeusi imekatwa kama na makasi. Nikapunguza nguvu. Ikakuwa giza kidogo, lakini uso bado ni chapo, flati. Shida haikuwa nguvu. Mwangaza ikitoka penye lenzi iko, kila kivuli kinaenda kujificha nyuma ya kitu yenye imekileta, na sura ya mtu ni vivuli. Shimo la shavu, mstari wa mdomo, vile pua inainuka. Ukiondoa vivuli umeondoa mtu.

Nikatoa flashi kwa kamera, nikaiweka juu ya friji upande wa kushoto, trigga moja huku, nyingine kule. Pa. Maze. Siz alikuwa amesukwa matuta hiyo wikendi, na kila tuta likasimama na kivuli chake kadogo kando, kama shamba imelimwa asubuhi. Shavu moja iko kwa mwangaza, nyingine inaingia gizani polepole. Kwa jicho kukawa na ka-doti keupe, na hako ka-doti ndio hufanya macho ikae iko hai. Siz akachukua kamera akaangalia kimya, halafu akaniuliza, "Huyu ni mimi?" Hatukulala mapema.

Kuna kitu moja ilinichukua wiki mbili kuishika, na ningependa mtu angenishow mapema. Ukitumia flashi uko na mwangaza mbili ndani ya picha moja, na kila moja iko na mlango yake. Balbu ya keja inaingia kupitia shata: ukifungua shata polepole, balbu inajaa, ukiifunga haraka, balbu inakufa. Flashi haijali shata, ju inawaka na kuzima kabla shata hata ijue. Flashi inasikiza apacha, na nguvu yenye umeweka, na umbali. Kwa hivyo unaweza zima nyumba yote na 1/200 halafu uchore mtu na flashi peke yake, ama ushuke 1/30 uache nyumba irudi na joto yake. Lakini kwa hii kamera yangu usipite 1/200. Nilijaribu 1/500 na siz akatoka na bendi nyeusi imemkata kifua, ju hapo pazia ya pili ya shata inaanza kufunga kabla ya kwanza imalize kufunguka, na flashi inapata dirisha nusu.

Balaa iliyofuata ilikuwa ukuta. Wasee husema geuza flashi iangalie ukuta, mwangaza igonge hapo irudi ikiwa pana na laini. Na ni kweli. Lakini sitting rumu yetu imepakwa kijani, ile kijani ya ploti, na ukuta ya kijani inakurudishia kijani. Siz akakaa mgonjwa. Nikaomba mathe shuka yake nyeupe, ile ya wageni, nikaipiga misumari mbili kwa ukuta nikageuzia flashi hapo. Mwangaza ikarudi safi, kubwa kama dirisha ya kanisa.

Baadaye nikakam kujua hii kitu ya shuka iko na historia nzito. Seydou Keïta, mzae wa Bamako kule Mali, alifungua studio yake 1948, na kitambaa cha kwanza alikuwa akitundika nyuma ya watu ilikuwa shuka ya kitanda chake mwenyewe. Alikuwa anapenda jua, uwanja wa nje, mchana. Yule wa usiku alikuwa jirani yake wa mji huo huo, Malick Sidibé. Huyo alibeba flashi hadi kwa madunda za mayut, na ile picha yake ya Krismasi ya 1963, chali na manzi wanadansi wameinamisha vichwa karibu kugusana, imezunguka dunia yote. Kenye hunishika ni kwamba hao wawili ni ndugu na dada. Picha ya flashi ya watu wa familia moja, usiku, wamevaa poa, miguu ya manzi haina viatu. Mwaka wa 2007 Sidibé akapewa Simba wa Dhahabu kule Venice, Mwafrika wa kwanza kuipata. Nikiwa na siz kwa kochi hiyo picha hukuwa kwa akili.

Turudi kwa ngozi, ju hapa ndio watu wetu wameumizwa sana na picha. Miaka mob, filamu za rangi zilikuwa zinapimwa na kadi zenye ziliitwa Shirley, picha ya manzi mzungu, na maabara zilikuwa zinaseti rangi hadi yeye akae vizuri. Ngozi nyeusi haikuwa kwa hesabu. Kenye kilisukuma kampuni kubwa kurekebisha, watafiti wanasema, kwa sehemu kubwa ni malalamishi ya watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, ju rangi za kahawia hazikuwa zinatofautiana. Soma hiyo tena. Chokoleti na meza. Kamera za siku hizi zimetoka huko mbali, lakini tabia imebaki kwa wapiga picha: wakiona msee mweusi wanaongeza nguvu ya flashi. Wanapata paji la uso limechomeka na mashavu bado giza.

Ngozi nyeusi haidai mwangaza kali, inadai mwangaza kubwa na kutoka kando. Inang'aa, na hiyo kung'aa ndio utamu wake. Ukiweka chanzo kidogo na kikali, inakurudishia doti moja nyeupe mbaya. Ukiweka chanzo pana, shuka nzima, inakurudishia mstari mrefu mlaini kando ya shavu, na huo mstari ndio unachonga uso. Kwa buda nilijifunza hii vizuri, ju buda ni mweusi kabisa, ule weusi wenye uko na bluu ndani.

Lakini buda kwanza alikuwa na shida ingine. Buda hajui kupigwa picha bila kusimama kama anaenda kuchukua paspoti. Mikono chini, kidevu juu, pumzi imeshikwa. Na anavaa miwani. Picha tano za kwanza, kila moja lenzi za miwani ni nyeupe tupu, macho hakuna. Hiyo ni mambo ya mpira kwa ukuta: vile unaurusha ndivyo unarudi, kwa pembe ile ile. Flashi ikikaa usawa wa macho yake, inaruka kwa kioo inakuja straight kwa lenzi yangu. Nikainua flashi juu sana, karibu na sili, na kando zaidi. Halafu nikamwambia, "Buda, hebu inua mikono ya miwani kidogo juu ya masikio." Vioo vikainama kama nyuzi kadhaa tu, huwezi ata ona kwa picha, na mng'aro ukaanguka sakafuni. Macho ya buda yakatokea. Yako na mishipa nyekundu ya grisi na ya kuamka saa kumi, na nikaiacha.

Kuhusu kusimama, sikusema kitu. Nilimpelekea redio yake, ile ya Panasonic yenye ameifungua na kuirudisha mara ngapi, nikamuuliza kwa nini upande mmoja hausikiki. Akaketi. Akavuta bisibisi kwa mfuko ya shati. Dakika mbili baadaye alikuwa amesahau mimi niko hapo, uso umeinama, mikono imeingia ndani ya redio. Nguvu 1/16, f/5.6, ISO 400, shuka mita moja kando yake. Pa. Hakuangalia juu. Ukitaka kumpiga mwanaume wa rika la buda, mpee kazi.

Mita moja, nimesema, na hiyo namba ina maana. Flashi ikisonga mara mbili ya umbali, mwangaza yenye inafika inabaki robo, si nusu. Hii sheria inauma na inasaidia. Tulipiga picha ya familia Krismasi, mathe karibu na flashi, buda mwisho kule. Mathe ni maji ya kunde, yeye ndio akachomeka, buda akapotea gizani. Nikafanya vitu mbili. Nikarudisha flashi nyuma kabisa hadi kwa mlango wa jikoni, ju ikiwa mbali tofauti ya mtu wa kwanza na wa mwisho inakuwa kidogo. Halafu nikabadilisha viti, buda akakuja upande wa flashi. Picha ikatulia. Watu watano, rangi tano, kila mtu anaonekana ni nani.

Mathe yeye nilimnyita jikoni. Jumapili, chapo. Nilitaka ile sekunde anatupa unga kwa ubao kabla asukume. Flashi ikiwa kwa nguvu ndogo huwaka kwa muda mfupi sana, sekunde imegawanywa mara elfu kadhaa, na ndani ya huo muda unga hewani hauendi popote. Kuna mzae wa Marekani, Harold Edgerton, alijenga maisha yake yote juu ya hii kitu pale MIT kuanzia miaka ya 1930, na 1957 akapiga tone la maziwa likigonga sahani hadi likainuka kama taji. Mimi sikuwa na maabara, nilikuwa na mathe na unga ya kilo mbili. Flashi nikaiweka nyuma yake kando, juu ya kabati ya vikombe, ju unga ukiumulika kutoka mbele unapotea, ukiumulika kutoka nyuma kila chembe inawaka. 1/200 kuua balbu, f/8, nguvu 1/32. Akatupa. Kwa picha, mkono wake umefunguka, na mbele yake kuna wingu limesimama. Mathe aliangalia hiyo picha akasema, "Kumbe mkono yangu imezeeka hivi." Sikujua nimjibu nini. Nikamwambia ukweli, kwamba hiyo ndio mkono yenye ninaijua.

Shosho nilimweka mwisho, ju nilikuwa naogopa kumharibia.

Nilienda ocha Murang'a Aprili, nikabeba flashi, batri nane na shuka. Shosho huishi kwa jikoni yake. Nyumba ya mawe iko, watoto wake walimjengea, lakini yeye anaingia huko kulala tu. Mchana na jioni yuko kwa jikoni ya mbao, mafiga matatu, moshi, kuku wanapita. Nilipowasha flashi mara ya kwanza kujaribu, alishtuka akashika kifua. "Hiyo kitu ni kama radi." Nikaacha kila kitu. Nikakaa chini karibu naye, nikaiweka flashi kwa mkono yake, nikamwonyesha ka-batani ka kujaribia. Akaibonyeza. Ikawaka kwa ukuta. Akaibonyeza tena. Nadhani aliiwasha mara kumi, kila saa akiangalia penye mwangaza inagonga, na mara ya mwisho akaielekezea jogoo. Kutoka hapo haikuwa kitu ya kuogopa, ilikuwa kitu yenye ameshika.

Hiyo jikoni ilibadilisha kila kitu nilikuwa nimejifunza Umoja. Ukuta zote ni nyeusi na masizi ya miaka arubaini. Hakuna mwangaza inarudi. Flashi ukiirusha kwa ukuta inamezwa. Siku ya kwanza nilitoka na picha giza tupu na nikalala nikiwa na mawazo. Asubuhi nikaelewa hiyo masizi ni zawadi: kama hakuna kitu inarudisha mwangaza, basi kenye nitamulika ndicho tu kitaonekana, na hakuna kitu nyuma itapiga kelele. Nikaweka flashi nje ya mlango, juu ya ngazi ya kuchunia avokado, nikatundika shuka kwa mlango wote. Kutoka ndani ilikaa kama mawingu imefunguka hapo nje.

Halafu kulikuwa na moto. Flashi ni nyeupe ya baridi, moto ni wa machungwa, na zikikutana kwa uso wa mtu zinapigana. Nilikuwa nimebeba nailoni ya rangi ya chai, ile ya kufungia zawadi. Nikaifunga mbele ya flashi na raba, mara mbili. Zikapatana. Nikashusha shata hadi 1/30 ndio moto uingie, kamera nikailaza juu ya gunia ya mahindi isitingike. Moshi ulikuwa unapita kati ya shuka na yeye, na kwa sababu mwangaza ilikuwa inatokea nyuma kidogo, moshi wenyewe ukaonekana, unapanda taratibu kando ya kitambaa chake cha kichwa.

Sikumwambia aangalie kamera. Nilimuuliza juu ya guka, vile walikutana. Alianza na uso wa kawaida. Halafu akanyamaza kidogo, akaangalia moto, na mdomo ukavutika upande mmoja kama mtu anaonja kitu tamu amekikumbuka. Pa.

Nilichapisha hiyo moja kwa karatasi kubwa kwa studio ya Umoja, nikaitia fremu, nikarudi nayo ocha mwisho wa mwezi. Shosho alipangusa mikono kwa leso kabla aishike. Akaipeleka mlangoni kwenye mwangaza. Mikunjo yote ya uso iko hapo, kila mmoja na kivuli chake, hakuna kenye nilifuta. Akakaa nayo muda mrefu hadi nikafikiria haipendi.

"Huyu ni mama yangu," akasema.

Mamake hakuwahi kupigwa picha. Hata ya kipande. Mimi sikuwa nimewahi kusikia shosho akimtaja. Akavuta kile kiti chake cha miguu mitatu, akaweka fremu kwa magoti, na kidole kikifuata shavu ya kwa picha akaanza kunishow vile mamake alikuwa anakaa, vile alikuwa anatembea, wimbo gani alikuwa anaimba akienda mtoni. Chai ikafura ikamwagikia moto. Hakuna mtu aliamka.